Sikukuu za Kiangazi na Mtu Aliye Ugenini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Kiislamu wa Rumonge)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nawashukuru wakubwa wa chama kwa kunipa nafasi hii. Nilitakiwa nizungumze juu ya safari, nami nikaomba nipunguziwe mzigo, kwa kuwa habari za safari hazina mwisho. Tukapatana niseme jambo moja tu. Mtu wa mwambao huu wetu, wa Rumonge, wa Magara au wa Nyanza-Lac, akiwa mbali na kwao, nayo sikukuu ikamkuta huko huko, ama sikukuu yake mwenyewe ama sikukuu ya wenyeji wake, afanyeje? Na sisi tuliobaki nyumbani, ina maana gani kwetu? Nimechagua hasa sikukuu za kiangazi, maana ndizo nyingi, na ndizo zinazomkuta msafiri njiani.

Kiangazi chetu mwakijua. Tangu Juni hata Septemba mvua hukatika, vumbi hupanda, upepo wa kusini huvuma ziwani, na wenye maboti hutazama mbingu kabla ya kung'oa nanga. Mazao yamekwisha kuingia ndani, watu wana chochote mkononi, na harusi hupangwa mfululizo. Serikali nazo, kama kwamba zimefanya shauri moja, zimeweka siku zao kuu katika miezi hiyo hiyo. Tarehe 30 Juni ni siku ya Kongo, iliyopata uhuru mwaka 1960. Kesho yake, tarehe 1 Julai, ni siku yetu sisi Burundi, na ya jirani zetu wa Rwanda pia, kwa kuwa nchi hizi mbili zilitoka mikononi mwa Ubelgiji siku moja, mwaka 1962. Tarehe 7 Julai ni Saba Saba ya Tanzania, iliyoanza kwa kukumbuka kuundwa kwa TANU mwaka 1954. Basi mfanyabiashara aliyekuwa Uvira tarehe 30 Juni, akalala Rumonge siku ya pili, kisha akavuka hata Kigoma kabla ya tarehe 7, amekwisha kutazama sherehe za mataifa matatu kwa muda wa siku 8, na lugha yake ya biashara haikubadilika hata mara moja. Sidhani kama ziko pembe nyingi za dunia ambako jambo hili linawezekana.

Kwa hiyo mtu wa ziwani hakufundishwa ugeni na ndege ya Ulaya. Aliujua zamani. Mji wetu wenyewe ni mji wa wageni. Wako waliotoka Ujiji, wako waliotoka Manyema, wako waliovuka kutoka Ubwari, wako Waarabu na Wahindi, na wako walioshuka kutoka milimani nyuma yetu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wamekwisha kutangulia, na kutoka huko Uislamu na Kiswahili vilifuata ufuko hata vikatufikia. Wala tusijidanganye kwamba wote walikuja kwa hiari yao; katika misafara ile walikuwamo waliofungwa minyororo, na damu yao imo ndani ya koo zetu. Akisimama mtu leo akajigamba kwamba yeye ni mwenye mji na mwenzake ni wa kuja, muulizeni babu wa babu yake alikula wapi Idi yake ya kwanza.

Liko jambo moja ambalo wavuvi wetu wanalijua vizuri kuliko sisi tunaosoma vitabu. Uvuvi wa ndagala ni uvuvi wa taa, na taa haina kazi mbele ya mbalamwezi. Mwezi unapokaribia kujaa, maboti hupumzishwa. Sasa hesabuni. Maulidi ni tarehe 12 ya Mfunguo Sita, mwezi umekwisha nenepa, samaki hawakusanyiki taani, na mvuvi yuko bure. Idi ya Mfunguo Tatu ni tarehe 10, nayo imo katika usiku wa mwanga. Lakini Idi ya Mfunguo Mosi huangukia mwezi mwandamo, usiku wa giza, na usiku wa giza ndio usiku wa riziki. Ndiyo sababu Maulidi humkuta mvuvi kwao, na Idi ya kufungulia aghalabu humkuta mwalo wa watu. Ugeni wa siku ya Idi, kwa mvuvi wa Tanganyika, umo ndani ya kazi yenyewe.

Nataka sasa niwachukue hata pwani, nipate kuwaonyesha kwamba wenzetu wa huko walilifikiri jambo la mgeni wa sikukuu mapema sana. Kusini mwa kisiwa cha Unguja, katika Makunduchi, kila mwezi wa Julai watu huadhimisha Mwaka Kogwa, yaani mwaka mpya wa Kishirazi, wenye asili yake katika Nairuzi ya Waajemi. Si sikukuu ya dini, nami siisifu kwa upande huo. Lakini tazameni yanayofanyika. Wanaume hutoka uwanjani wakapigana kwa makuti ya mgomba, kila mtu akatoa kinyongo chake cha mwaka mzima, na kwa kuwa silaha ni laini, hasira hutoka na mbavu hubaki salama. Wanawake nao hupita wakiimba, na nyimbo zao zina mwiba kuliko migomba. Kibanda cha makuti hujengwa, kikatiwa moto, wazee wakatazama moshi unakoelekea. Baada ya hayo ni kula na ngoma siku kadha. Na jambo lililo kubwa kwetu leo ni hili: kwa desturi yao, kila mwenye nyumba anatakiwa awe na mgeni siku ile, na asiyekuwa na mgeni huhesabiwa kuwa mtu asiye na furaha. Fahamuni vizuri. Hawasemi kwamba mgeni asiye na mwenyeji ndiye wa kuhurumiwa. Wanamhurumia mwenyeji asiyepata mgeni. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na Wamakunduchi wameligeuza neno hilo likawa kanuni ya siku yenyewe.

Mfano wa pili ni Lamu. Maulidi ya Lamu, yanayosomwa katika msikiti wa Riyadha, huwavuta watu kutoka Kenya, Tanzania, Visiwa vya Ngazija na kwingineko, hata mji ule mdogo hujaa. Nani aliyeyaasisi? Ni Habib Saleh bin Alawy Jamalullayl, aliyefariki mwaka 1935, naye hakuwa mzaliwa wa Lamu. Alizaliwa Ngazija. Alikuja kama anavyokuja mgeni yeyote, akakaa na watu wa chini, akawafundisha watumwa na watoto wa watumwa elimu ambayo wakubwa wa mji hawakuwa tayari kuwagawia, na wakubwa hao hawakupendezwa naye. Leo hakuna anayeitaja Lamu bila ya kutaja Maulidi yake. Sikukuu kubwa ya mji imeachwa na mtu wa kuja.

Na asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya waja tu. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Mtume huko Madina, na Bwana Mtume akamsitiri Bibi Aisha ili apate kuwatazama mpaka alipotosheka mwenyewe. Wahabeshi wale walikuwa watu wa mbali, wenye mchezo wa kwao. Hawakuambiwa warudi nao kwao wakauchezee huko.

Nimekwisha sema juu ya mwenyeji. Sasa nimtazame aliyetoka kwetu akaenda kukaa Ulaya. Wako wengi, katika Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi, nchi za kaskazini, hata Kanada, na hapana nyumba hapa isiyokuwa na jina la kuitaja. Jambo la kwanza linalomshangaza mtu huyu ni jua. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini ya mstari wa ikweta. Siku yetu ni saa 12, ikizidi au ikipungua ni kwa dakika chache, na hatujui namna nyingine. Brussels mwezi wa Juni jua huchomoza mapema na halichwi mpaka saa 4 za usiku. Angalieni maneno haya yanavyogongana: jua halijachwa, nasi twasema saa 4 za usiku! Hesabu yetu ya saa ilitungwa na watu ambao kwao mchana na usiku ni ndugu pacha; ukiipeleka kaskazini huchanganyikiwa kama mwenyewe.

Miezi yetu ni ya mwandamo, na kila mwaka hutangulia kwa siku kama 11, hata ikazunguka majira yote kwa muda wa miaka 33. Idi ya Mfunguo Mosi iliangukia tarehe za mwanzo wa Julai mwaka 2016, kama ilivyokuwa mwaka 1984 ilipoangukia mpaka wa Juni na Julai. Jamaa zetu waliokuwa Ubelgiji mwaka ule wa 2016 walifunga saumu ya saa 18 na zaidi, wengine wakiwa kazini katika viwanda na hospitali, kisha wakala, wakasali Tarawehe, na alfajiri ikawagongea mlango kabla ya usingizi. Mjini Tromsø, katika Norway, jua halizami kabisa tangu sehemu ya mwisho ya Mei hata sehemu ya mwisho ya Julai, na wanazuoni wamewaruhusu Waislamu wa sehemu kama hizo kufuata saa za Makka au za mji ulio karibu wenye usiku na mchana. Sisi tukipata mwana wa kwetu aliyefunga mwezi wa namna hiyo, akatupigia simu asubuhi ya Idi, swali letu la kwanza na lisiwe, "Umetuma ngapi?"

Jambo la pili ni mwezi wenyewe. Huko nyumba moja ya ghorofa yaweza kuwa na Idi mbili, wa ghorofa ya chini wanakula na wa juu bado wamefunga, kila mmoja akifuata tangazo la nchi yake ya asili. Hata hapa ziwani, mvushaji aweza kuondoka kwa watu wanaokula akateremka kwa watu wanaofunga. Jambo hili si geni katika dini. Katika Sahihi ya Muslim imo habari ya Kurayb, aliyetumwa na Ummul-Fadhl kwenda Sham kwa Muawiya. Ramadhani ikaandama yuko huko, na mwezi ukaonekana usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas akamuuliza, akamwambia kwamba wao wa Madina waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na kwamba wataendelea kufunga mpaka watimize 30 au wauone mwandamo. Kurayb akauliza kama kuona kwa Muawiya hakutoshi. Akajibiwa kuwa hakutoshi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i wakasema kwamba msafiri huwafuata watu wa mahali alipofika. Na kama ikawa saumu yake imetimia siku 28 tu, atalipa siku moja. Basi anayekaa Brussels na afuate msikiti anaosali Brussels. Kumpigia simu mjomba aliyeko Buyenzi ili kujua kama kesho ni Idi katika Ubelgiji ni mapenzi mema, lakini si fikihi.

Idi yenyewe huko, ikiangukia kiangazi, ina uzuri ambao hapa hatuupati. Watu hutoka nje. Katika mji wa Birmingham, Uingereza, sala ya Idi imesaliwa katika bustani ya Small Heath na maelfu ya watu, kila taifa na vazi lake. Mtu wa kanzu na kofia ya kiua atasimama kati ya Mpakistani na Msomali, na baada ya salamu atakuta hawana lugha moja ila ile takbira. Nasema, yule ambaye hapa alikuwa mvivu wa kwenda uwanjani kwa sababu jua kali, huko huomba ruhusa kazini wiki mbili mbele. Ugeni unayo barakoa mbaya usoni, lakini nyuma yake mna faida kama hizi.

Nije sasa kwenye swali lililo gumu, ambalo vijana huliuliza na wazee hulikwepa: je, aende katika sherehe za wenyeji? Jirani wa Kiswidi amemwita katika sikukuu ya kati ya kiangazi, mwezi wa Juni, wanapopamba mlingoti kwa majani na maua, wakauzunguka wakicheza na watoto. Au watoto wamemlilia awapeleke katika maonyesho makubwa ya Brussels, yanayokuwapo toka katikati ya Julai hata Agosti, penye bembea na farasi wa mbao. Au mwenye kazi amewaalika wafanyakazi wote kuchoma nyama bustanini. Mimi sina fatwa. Fatwa wanayo waliokaa mbele hapa. Nina maoni tu, nayo ni haya: ibada ya watu waachie wenyewe, usishiriki na usiidhihaki. Furaha yao ya halali ishiriki kwa adabu. Palipo ulevi, fika mapema, salimu, kaa kidogo, ondoka kabla vichwa havijapinduka. Na chakula kisikuvunjie ujirani. Mwambie mwenyeji mapema unachokula na usichokula, kisha uje na samaki wako mkononi. Mwana wa Rumonge atashindwaje kuchoma samaki? Nimewahi kusikia mke wa mtu mmoja aliyeko huko akisema kwamba majirani walianza kuijua nyumba yake kwa harufu ya mukeke wa kukaanga, na kuanzia hapo wakaanza kumsalimu kwa jina.

Haya hata hapa tunayafanya. Tarehe 15 Agosti jirani zetu Wakatoliki huadhimisha siku ya Bibi Mariamu, na nchi nzima hupumzika. Idi zetu mbili nazo ni mapumziko ya serikali. Sahani ya pilau huvuka uzio siku yetu, na sahani nyingine hurudi siku yao, wala hakuna aliyebadili dini kwa ajili ya sahani. Sasa kwa nini tumtake kijana aliye Ulaya awe mkali kuliko sisi?

Lakini ziko sikukuu zenye uchungu. Mrundi aliyeko Brussels hukumbuka uhuru wa nchi yake tarehe 1 Julai. Siku 20 baadaye, tarehe 21, husikia gwaride la Ubelgiji, linalokumbuka siku ya mwaka 1831 mfalme wao wa kwanza, Leopold, alipokula kiapo. Yeye anajua nani alimtawala babu yake. Mwanawe, aliyezaliwa pale na kusoma pale, yuko dirishani ameshika bendera ndogo aliyopewa shuleni. Mtoto akiuliza, "Baba, sikukuu yetu ni ipi?" jibu la kelele halitamsaidia. Aliyeko Kanada ana mtihani mwepesi kidogo, kwa sababu Kanada nayo husherehekea tarehe 1 Julai, toka mwaka 1867. Baruti zinapopasuka usiku aweza kumwambia mtoto kwamba nusu yake ni za ngoma za Gitega, na mtoto atakubali mpaka atakapojua kusoma. Mimi naona baba amweleze mwanawe zote mbili. Amwambie yaliyotokea, ampeleke kutazama gwaride akitaka, kisha tarehe 1 Julai amvalishe vizuri, awaalike watu, apike, ili mtoto aone kwa macho yake kwamba kwao pia kuna siku. Mtoto hashiki sikukuu aliyosimuliwa, hushika aliyokula.

Nisiwasahau wa Maskati. Omani wako watu wengi wasemao Kiswahili, na kati yao wamo waliozaliwa katika nchi za maziwa makuu, Burundi ikiwamo. Kiangazi cha kule kinaunguza, na kila apataye nafasi hukimbilia Salalah, upande wa kusini, ambako toka mwisho wa Juni hata Septemba pepo za baharini huleta ukungu na manyunyu, milima ikawa kijani. Huko hufanyika maonyesho, ngoma na masoko, na watu wa Ghuba hutembea katika mvua nyembamba bila mwavuli, wakicheka. Sisi hungoja mvua ikatike ndipo tusherehekee. Wao husherehekea kwa kuwa imenyesha. Mtu wa milimani kwetu akiwaona atafikiri wamerukwa na akili.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimesema habari za waliokwenda kwa tikiti. Wako waliokwenda bila tikiti. Mwambao huu ulianza kuwaka moto mwisho wa Aprili mwaka 1972, hapa hapa Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wakavuka ziwa kwa mitumbwi. Wengi walipelekwa Katumba, Ulyankulu na Mishamo, wakakaa huko miaka zaidi ya 40, hata walio wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Ikaja 1993. Ikaja 2015. Mwezi wa Mei mwaka ule makumi ya maelfu ya watu walirundikana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na maji, kipindupindu kikaingia, na meli kongwe ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawa ikiwachota na kuwapeleka Kigoma. Kutoka Kigoma wakapelekwa Nyarugusu. Ramadhani ya mwaka ule iliingia Juni 18, na Idi ikawa katikati ya Julai, kiangazi tupu. Waislamu waliokuwamo katika watu wale walisali Idi yao ugenini miezi miwili baada ya kukimbia, wengine hawajui ndugu zao wako wapi. Na wenyeji wao wa kambini walikuwa nani? Walikuwa Wakongo waliokaa pale toka 1996. Wakimbizi kwa wakimbizi.

Nimeyataja haya kwa sababu wengi wao wamerudi, wamo humu ukumbini, na wanajua kuliko mimi ladha ya Idi ya kupewa. Huyo ndiye ningependa asikilizwe tunapopanga sikukuu zetu, kabla ya mwenye duka.

Maana nimeona jambo ambalo halinifurahishi. Kila Julai na Agosti, shule za Ulaya zinapofungwa, watoto wetu huja likizo na wake zao na watoto wao. Harusi husogezwa ziwangoje. Maulidi ya nyumbani husogezwa yawangoje. Nyakati za zamani aliyerudi safari alipikiwa. Sasa yeye ndiye anayepika, yeye ndiye anunuaye ng'ombe, yeye ndiye achangiaye kila kadi. Wako waliokopa huko ili waje wasiaibike hapa. Wako wanaojificha hotelini Bujumbura, wakatupitia siku moja kama watalii, si kwa kiburi, bali kwa hofu ya mikono yetu. Wako ambao hawaji tena. Tumemlaumu Mzungu kwa kuwafanya watoto wetu wageni, na sisi tunaifanya kazi ile ile katika nyumba zao wenyewe. Kijana aliyeketi peke yake siku ya Idi katika chumba cha Liège akifikiri nyumbani, na afikiri nyumbani pa kumpokea, siyo ofisi ya kumtoza kodi.

Basi nina maombi mawili kwa kamati, na yote hayahitaji fedha nyingi. Ombi la kwanza: mwaka huu walio likizo wasiandikwe katika orodha ya wachangaji wa Maulidi. Waalikwe kwa barua, kama wanavyoalikwa watu wa Nyanza-Lac na wa Buyenzi, na anayetaka kutoa atatoa mwenyewe. Watoto wao wapewe nafasi ya kusoma, hata kama lafudhi yao itatuchekesha; na wanawake waliokuja nao, wasiojua bado Kiswahili, akina mama wawatafutie mtu wa kuketi nao.

Ombi la pili ni la mwaloni. Siku ya Idi, hasa ya Mfunguo Mosi ambayo ni ya giza, maboti ya ng'ambo huwa yameegeshwa pale chini. Wamo Wabembe wa Baraka na Fizi, wamo watu wa Kigoma, na wamo vibarua walioshuka kutoka milimani kuja kuvuta nyavu, Waislamu na wasio Waislamu. Sisi tukitoka kusali hupanda juu kwenye nyumba zetu, nao hubaki na sufuria lao la ugali. Naomba wateuliwe watu wawili, mmoja wao awe anajua Kibembe, waende mwaloni mara baada ya hotuba ya Idi, wawahesabu, waje nao. Mikeka ipo msikitini, sufuria kubwa za chama zipo, na akina mama wa upande wa soko wamekwisha niambia kwamba wali wa watu 40 watautoa wao, ila wanataka waambiwe siku mbili mbele kwa ajili ya kuni na nazi. Nazi zitatoka Kigoma, kwa hiyo na aandikiwe mtu mapema.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.